Uliza Msafiri: Kuifuata Atlantiki kutoka Cape Town hadi Swakopmund, siku 10 zatosha?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu hapa Bombolulu. Mwakani mwezi wa 8 mimi na mzee twatimiza miaka 25 ya ndoa, yeye kazi yake yote kaifanya bandarini Kilindini na bahari tunayoijua ni hii yetu tu. Tumeweka akiba, twataka tupande ndege mpaka Cape Town, tukodi gari tuendeshe wenyewe tukiifuata pwani ya Atlantiki, tuvuke mpaka tuingie Namibia hadi Swakopmund. Kwenye ramani naona bahari kushoto njia nzima. Tuna siku 10, je zatosha? Na karatasi za mpakani ni zipi, manake mpaka tuliowahi kuuvuka na gari ni Lunga Lunga tu tukienda harusini Tanga.
Mwalimu wa Bombolulu

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu, na hongereni sana, miaka 25 si mchezo. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu safari hiyo mimi na mume wangu tushaifanya, na tulianza na dhana hiyo hiyo yako, kwamba bahari itakuwa dirishani mwanzo mpaka mwisho. Haiwi hivyo. Pwani ya kusini mwa Namibia ni ya almasi, Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi hiyo waliifunga mwaka 1908 wakaiita Sperrgebiet, yaani eneo la marufuku, na mpaka leo huingii ovyo ovyo. Ukishaipita hiyo, kati ya Lüderitz na Walvis Bay ni milima ya mchanga inayoshuka mpaka majini, barabara hakuna. Kwa hiyo bahari mtaiacha mara mbili na kuirudia mara mbili. Lijueni hilo tangu nyumbani na safari itawapendeza, manake kule kuiacha na kuirudia ndiko kulikonitia raha mimi kuliko kitu chochote.

Siku 10 zatosha kama ni za barabarani peke yake, siku za ndege ziwe nje ya hesabu. Jumla ni karibu km 2,000. Siku ya kwanza nendeni kidogo tu, mshike barabara ya R27 kutoka Cape Town, msimame Bloubergstrand mgeuke nyuma muutazame Table Mountain ng'ambo ya maji, halafu mpite Langebaan mkalale Paternoster, kijiji cha wavuvi chenye nyumba nyeupe, samaki aina ya snoek wanamchoma vizuri sana. Kesho yake ndiyo mwaiacha bahari, mwapanda kwa barabara ya N7 kwenda Kamieskroon au Springbok, na hapo laleni usiku mara mbili. Mwezi wa 8 ndio maua ya Namaqualand, yaani eneo hilo la Springbok, yanachanua, nchi iliyokuwa kavu mwaka mzima inageuka rangi ya chungwa na njano mpaka upeo wa macho. Lakini kuna jambo ambalo sisi hatukuambiwa. Maua yale hufunguka jua likishakolea, kuanzia saa nne na nusu hivi asubuhi mpaka kama saa tisa au kumi, siku ya mawingu hayafunguki kabisa, na uso wake huelekea jua. Kule jua la mchana liko upande wa kaskazini, nanyi mwaenda kaskazini, kwa hiyo njia nzima maua yanawapa mgongo! Sisi tulipita tukisema mbona ni ya kawaida tu, mpaka tuliposimama kukojoza mtoto tukageuka tukatazama tulikotoka, wallahi nilinyamaza. Basi siku ile ya pili pale Springbok endesheni kurudi kusini kidogo, jua liwe mgongoni.

Sasa mpaka. Kutoka Springbok ni kama km 120 mpaka Vioolsdrif, mwavuka mto Orange kwa daraja na upande wa pili ni Noordoewer, Namibia. Kituo hiki kiko wazi saa 24. Si kama Lunga Lunga na Horohoro ambako shughuli zote mwamalizia pahali pamoja, hapa mwagonga pasipoti kusini mwa mto kisha mwaanza upya kaskazini. Visa si tatizo, Afrika Kusini Wakenya twaingia bila visa tangu Januari 2023, siku 90 kwa mwaka, na Namibia pia haituombi visa, ila hakikisheni tena mkikaribia kusafiri kwa sababu mambo haya hubadilika. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiiache, kwa vile mwatoka Kenya mtaulizwa. Leseni zetu za Kenya kwa kuwa ni za Kiingereza na zina picha zinakubalika.

Karatasi inayosumbua watu ni ya gari. Gari la kukodi halivuki mpaka bila barua ya ruhusa kutoka kwa kampuni, na barua hiyo yaombwa mapema, mara nyingi hulipiwa, si kitu cha kukumbuka asubuhi ya kuondoka. Ikishatoka isomeni herufi kwa herufi pale pale kaunta gari likiwa mbele yenu. Yetu ilikosewa tarakimu moja tu ya namba ya gari, hatukuona, tukakaa mpakani saa tatu nzima kwenye jua tukisubiri kampuni itume nyingine, na mtoto analia. Upande wa Namibia kuna ada ya barabara kwa gari la kigeni, lipeni na risiti muiweke vizuri. Pesa hazina shida, dola ya Namibia ni sawasawa na randi, na randi inatumika Namibia, ila dola ya Namibia ukirudi nayo Afrika Kusini hainunui kitu. Jambo jengine, kampuni nyingi zataka kadi ya krediti yenye jina la dereva kwa ajili ya dhamana, ulizeni benki yenu mapema, na kuliacha gari nchi nyengine wanatoza zaidi, hiyo itieni kwenye bajeti.

Kutoka Noordoewer fuateni barabara ya C13 inayoambatana na mto mpaka Rosh Pinah halafu Aus. Mto ukifurika kipande hicho hufungwa, ulizeni pale mpakani. Kipande cha changarawe kinaanzia njiani hapo na huko mbele mtaonana nacho zaidi. Mzee asidhani ni murram ya kwetu, changarawe ile yajikunja kama mabati na gari linateleza kama liko juu ya mbegu za mtama. Msivuke 80 kwa saa, kodini gari lililo juu kidogo, tairi za spea ziwe mbili mkipata. Mafuta jazeni kila mnapoona pampu hata kama tangi ni nusu. Na saa kumi na moja jioni muwe mshafika mnapolala, tandala na choroa wanavuka barabara gizani na ukimgonga choroa mmoja safari imekwisha, au zaidi ya safari.

Aus mpaka Lüderitz ni km 125 za lami, na karibu na Garub tazameni kulia na kushoto kuna farasi mwitu wanaishi jangwani humo. Kabla ya mji kuna Kolmanskop. Mwaka 1908 mfanyakazi wa reli aitwaye Zacharias Lewala alikuwa anaondoa mchanga relini akaona jiwe linang'aa, akampelekea msimamizi wake August Stauch. Ilikuwa almasi. Stauch akatajirika, mji ukajengwa, ukawa na hospitali na ukumbi wa dansi, na kufikia 1956 watu wote washahama. Leo mchanga umeingia ndani ya nyumba, nilisimama kwenye chumba kimoja mchanga umefika nusu ya mlango na karatasi ya ukutani ingali na maua yake ya bluu. Nendeni asubuhi, mchana wanafunga. Lüderitz kwenyewe fikeni Shark Island pia. Leo watu wanapiga kambi ya utalii hapo, lakini kati ya 1905 na 1907 Wajerumani waliwafungia hapo Wanama na Waherero, na wengi sana walikufa kwa baridi, njaa na kazi za kulazimishwa. Mimi nilisoma fatiha nikaondoka.

Kutoka hapo mwarudi Aus, mwaiacha bahari mara ya pili, mwapanda mpaka Sesriem mkaone milima ya mchanga ya Sossusvlei alfajiri, mwapita Solitaire kujaza mafuta, mwateremka kwa C14 mpaka Walvis Bay. Hapo mzee wako atafurahi. Ni bandari ya kina kirefu kama Kilindini, na ghuba yake imejaa heroe hadi maji yanaonekana ya waridi. Afrika Kusini iliikalia Walvis Bay mpaka 1994, miaka minne baada ya Namibia kupata uhuru. Swakopmund ni km 35 tu mbele, na mkibakisha siku moja pandeni Cape Cross mkaone sili, wale wanyama wa baharini, wako maelfu kwa maelfu. Jifungeni leso puani, harufu yake mtarudi nayo kwenye nguo. Ndege za kurudi Cape Town mwazipata pale pale Walvis Bay.

SWALI: Chakula cha halali huko njiani chapatikana?
Msomaji wa Kibokoni

JIBU: Cape Town ni tele, nendeni mtaa wa Bo-Kaap mkale na mkasali msikiti wa Auwal, wa tangu 1794, wa kwanza nchini humo. Ukishaondoka kwenda kaskazini mambo hupungua haraka. Sisi tulinunua nyama Cape Town tukaiweka kwenye kisanduku cha barafu, ila mpakani wanaweza kuichukua, kwa hiyo imalizeni kabla ya mto na baada ya hapo kuleni samaki.

SWALI: Mimi ni kijana wa Mtwapa, nimezaliwa majini. Hiyo Atlantiki ya Namibia yaogeleka?
Msomaji wa Mtwapa

JIBU: Kakangu, kuna mkondo uitwao Benguela unaotoka kusini, na upepo unasukuma maji ya juu yakapanda ya chini yaliyo baridi. Ndiyo sababu samaki ni wengi na ndiyo sababu asubuhi Swakopmund ukungu unaufunika mji mzima mpaka taa za barabarani huzioni, ilhali jangwa liko pale pale nyuma. Mimi nilitia miguu mpaka magotini, kwa dakika moja vidole vilikufa ganzi. Wenyeji wanaoingia huvaa zile nguo za mpira za mwili mzima. Kodi moja uingie, mawimbi yake ni makubwa kuliko yetu kwa kuwa hawana mwamba wa kuyavunja, kwa hiyo usiende mbali na ufuo na usiingie peke yako.