Klachi ya mafuta: fuata mafuta kabla ya kununua spea

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya pikipiki, wengi wenu mmejifunzia kwenye Boxer na TVS, kama nilivyojifunza mimi. Pale klachi ni ya waya. Waya ukilegea unakaza nati, ukikatika unanunua mwingine duka la jirani, na kabla chai haijapoa mteja ameshaondoka. Halafu siku moja inaingia pikipiki kubwa ya msafiri aliyeshuka kutoka Nairobi kupitia Namanga. Unabana mkono wa klachi, unalala hadi kwenye gripu bila ubishi wowote. Unatafuta waya, hakuna. Kuna kikopo kidogo kwenye usukani, paipu nyembamba inayoshuka kando ya fremu, na kidude cha alumini kilichofungwa ubavuni mwa injini.

Nina miaka 13 hapa Arusha nikizishughulikia pikipiki za namna hii, na kuna jambo ningependa mlijue mapema kuliko nilivyolijua mimi: usibadilishe chochote kwenye klachi ya mafuta mpaka ujue mafuta yamekwenda wapi. Spea nzuri za kuiboresha zipo, nitazieleza, lakini nimeona nyingi zikifungwa kwenye pikipiki ambazo ugonjwa wake ulikuwa kwingine kabisa.

Kikopo cha juu na pistoni yake tunakiita masta ya juu. Kidude cha chini ni masta ya chini. Ukibana mkono, pistoni ya juu inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pistoni ya chini, nayo inasukuma fimbo inayoachanisha plate za klachi. Ndani ya masta ya juu kuna kitundu chembamba mno kinachounganisha chumba cha pistoni na kikopo. Mkono ukiachiwa, kitundu kinakuwa wazi na mafuta ya ziada yanarudi kikoponi. Ndiyo maana klachi hii haikazwi kadiri plate zinavyolika, inajirekebisha yenyewe. Kikumbukeni hicho kitundu, nitakirudia.

Katika mwaka wangu wa pili niliharibu klachi ya mgeni kutoka Ujerumani aliyekuwa akielekea Cape Town. Mafuta yake yalikuwa yamepungua. Nikachukua chupa ya DOT 4, ile ya breki, nikajaza, nikatoa upepo, mkono ukawa na nguvu, akalipa, akaondoka. Siku ya pili akanipigia simu akiwa Babati: mkono ukibanwa haurudi. Aina ya mafuta ilikuwa imeandikwa juu ya mfuniko wa kikopo, chini ya vumbi, na mimi vumbi lile sikulifuta. Mfumo ule ulikuwa wa mafuta ya madini, yaani yale yatokanayo na mafuta ghafi (mineral oil). Raba za masta zote mbili zilikuwa zimevimba na kulainika kama ubani uliotafunwa. Nililipia gari la kumrudisha Arusha, naye akakaa siku 11 akisubiri spea kutoka Ulaya, safari yake ikiwa imekatika katikati kwa sababu yangu.

Kilichotokea ni hiki. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hutokana na kemikali iitwayo glaikoli, na raba zinazokaa nayo ni za aina iitwayo EPDM. Mafuta ya madini yanataka raba ya NBR. Ukimwaga mafuta ya madini kwenye EPDM, raba inavimba. Ukimwaga DOT kwenye NBR, raba inaharibika. Ukishachanganya, kuosha peke yake hakutoshi: raba zote zinatoka, mfumo mzima unasafishwa, unaanza upya. Wala jina la kiwanda halikupi jibu. BMW R1150GS inatumia DOT 4 kwenye klachi, lakini R1200GS iliyotoka mwaka 2004 kuchukua nafasi yake ikawekewa mafuta ya madini kwenye klachi huku breki zake zikibaki na DOT 4. KTM 950 Adventure nayo ni hivyohivyo, klachi ya madini, breki za DOT. Pikipiki kubwa za Kijapani zenye klachi ya mafuta, kama Yamaha FJR1300 au Suzuki Hayabusa, ni DOT 4. Soma mfuniko. Ukiwa umebadilishwa au maandishi yamefutika, tafuta kitabu cha pikipiki hiyo kabla hujafungua chupa. Mimi naweka chupa hizi mbili kwenye kabati mbili tofauti, na bomba la sindano la kila moja lina utepe wa rangi yake.

Sasa tufuate mafuta. Futa masta zote mbili na paipu mpaka zikauke, jaza kikopo, weka alama ya kina kwa kalamu, kisha bana na kuachia mkono mara 50 hivi. Kama kuna unyevu kwenye maungio ya paipu, huenda ni washa za shaba tu, kazi ya dakika 20. Kama unyevu uko nyuma ya mkono, kwenye kile kifuniko cha raba cha pistoni, masta ya juu inavuja.

Kama mafuta hayapungui kabisa lakini klachi haifanyi kazi, simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likiwa hewani, washa injini, bana mkono, ingiza gia ya kwanza na uushikilie mkono palepale. Usiweke kidole wala kitambaa karibu na cheni. Kwenye klachi inayoogea oili, gurudumu linaweza kuzunguka polepole hata ikiwa nzima, hasa injini ikiwa ya baridi. Unachotafuta ni mabadiliko: likianza limetulia, kisha baada ya nusu dakika likazidi kuvuta ilhali mkono hujauachia, raba ya masta ya juu inapitisha mafuta kwa ndani. Hapo masta mpya ya chini ya bei kubwa haitasaidia kitu. Mkono ukiwa laini lakini ukapata nguvu ukiupampu haraka, kuna upepo ndani.

Kinachowasumbua wengi ni mafuta kupungua bila tone lolote kuonekana nje. Kwenye injini nyingi masta ya chini iko upande wa kushoto na klachi upande wa kulia, fimbo ikipita katikati ya shafti ya gia. Raba ya pistoni ya chini ikichoka, mafuta yanaweza kufuata fimbo na kuingia ndani. Kwenye klachi inayoogea oili, yanaishia kwenye oili ya injini, hutaona doa hata ukilala chini ya pikipiki na tochi. Kwenye klachi kavu hali ni mbaya zaidi. R1150GS ina masta ya chini nyuma ya giaboksi, na mafuta yakifuata njia ya fimbo yanaweza kufika kwenye plate kavu. Plate ikilowa inateleza, na kuifikia ni kutoa giaboksi nzima. Kwa hiyo mteja akikwambia anaongeza mafuta kidogo kila wiki na hajaona yanakovuja, usimruhusu aendelee na safari kwa kuongeza. Fungua masta ya chini siku hiyohiyo.

Ukiifungua, usitazame raba tu. Toa pistoni, futa silinda kwa kitambaa safi, umulike ndani. DOT inavuta unyevu wa hewani, na maji hayo yanachanganyika nayo mpaka huku kwenye masta ya chini. Baada ya miaka bila kubadilishwa unakuta vishimo vidogo kwenye ukuta wa alumini, na upande wa nje tope na uchafu wa cheni vimekula mdomo wa silinda. Raba mpya juu ya vishimo hivyo itadumu wiki chache. Hapo ndipo kuboresha kunapokuwa na maana kweli: unanunua masta ya chini iliyochongwa vizuri kutoka alumini ngumu, yenye raba bora, na mara nyingi yenye pistoni pana kidogo kuliko ya kiwandani. Lakini ukuta ukiwa unang'aa kama kioo, weka raba mpya za kiwandani na umwachie mteja fedha zake za petroli.

Kuhusu pistoni pana, msikilizeni muuzaji kwa makini. Atawaambia mkono utakuwa mwepesi, na ni kweli. Hatawaambia kinacholipwa. Chukua mfano wa masta ya juu ya milimita 13 na ya chini ya milimita 28. Nguvu inafuata eneo la pistoni, na eneo linafuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. 28 kwa 28 ni 784. Ukifunga ya milimita 30, ni 900. Mkono unapungua uzito kwa asilimia 13 hivi, tofauti ambayo kiganja kinaisikia kwenye foleni ya jioni. Ila mafuta yanayotoka juu ni yaleyale. Pistoni ya juu ikienda milimita 10, ile ya 28 ilikuwa inasogea karibu milimita 2.16. Ya 30 inasogea 1.88. Umepoteza zaidi ya robo milimita.

Robo milimita inaonekana si kitu mpaka uigawe. Klachi yenye plate 8 za msuguano ina nyuso 16 zinazotakiwa kuachana. Milimita 2.16 ukiigawa kwa 16 kila uso unapata 0.135, na 1.88 inakupa chini ya 0.12. Kama plate zimepinda kidogo kwa joto, nafasi hiyo haitoshi. Pikipiki itavuta ikiwa kwenye gia ya kwanza hata mkono umebanwa wote, na frii itatafutwa kwa mguu mpaka mtu akasirike. Basi kabla ya kumshauri mteja pistoni pana, hakikisha plate zimenyooka, upepo umetoka wote, na mkono una safari yake kamili. Mtu mwenye kiganja kinachouma atafurahia kubadilishiwa. Mtu ambaye tayari anasumbuliwa na frii utamwongezea shida.

Paipu ya kusukwa kwa chuma nayo ni nzuri, kwa sababu raba iliyozeeka inavimba kila ukibana na kula ile safari tuliyoipigia hesabu. Angalieni tu meno ya boliti yake. Vifaa vya Brembo, kampuni ya Italia, kwa kawaida ni M10 (boliti ya unene wa milimita 10) ya hatua 1.00, yaani milimita 1.00 kutoka jino hadi jino; vifaa vingi vya Kijapani ni M10 ya hatua 1.25. Zinafanana machoni. Ya makosa inaingia mizunguko miwili kwa mkono kisha inagoma, na ukiilazimisha kwa spana umeua masta ya alumini.

Wakati wa kufunga, masta ya chini ikiwa nje ya injini, mtu asiguse mkono wa klachi. Pistoni itaruka nje na mafuta yatamwagikia rangi ya tangi, na DOT inabandua rangi. Mimi nafunga kamba ya plastiki kwenye mkono mapema, ili hata mpita njia asiubane. Chomoa fimbo uikague ncha zake. Kwenye Ducati za klachi kavu fimbo ina oringi mbili (pete za raba) upande wa masta, zinazozuia oili ya injini isiifikie klachi. Badilisha zote mbili wakati uko hapo, bei yake ni ndogo sana.

Kutoa upepo ndiko kunakowashinda wengi. Upepo unapenda kupanda, na boliti ya paipu kwenye masta ya juu mara nyingi ndiyo sehemu ya juu kabisa, kwa hiyo povu linakaa pale hata ukipampu mchana kutwa. Punguza mafuta kikoponi, chukua bomba la sindano lenye mpira mwembamba, livalishe kwenye skrubu ya kutolea upepo ya masta ya chini, na usukume mafuta mapya kwenda juu polepole. Geuza usukani ili masta ya juu iwe juu kabisa, gongagonga paipu kwa mpini wa bisibisi, utaona vipovu vinatokea kikoponi. Mwisho bana mkono, ufunge kwenye gripu kwa kamba, uuache hivyo usiku mzima. Asubuhi ufungue taratibu, upampu kidogokidogo. Mara nyingi ninakuta umepata nguvu ambayo jana haukuwa nayo.

Sasa kile kitundu. Watu wanapenda kufunga mikono mifupi ya rangi. Mkono usiokaa sawa unasukuma pistoni kidogo hata haujabanwa, na kitundu kinaziba. Injini ikipata joto mafuta yanatanuka, hayana pa kurudi, yanasukuma masta ya chini, klachi inaanza kuteleza yenyewe. Pikipiki ya namna hiyo iliwahi kuletwa kwangu baada ya kubadilishwa plate zote. Plate zile hazikuwa na kosa. Kabla ya kufunga mfuniko, hakikisha mkono una mchezo kidogo kabla haujagusa pistoni, kisha ubane taratibu huku ukitazama kikopo: unatakiwa kuona mafuta yakirukaruka kidogo juu ya kitundu mwanzoni mwa safari ya mkono.

Baada ya hapo usiikabidhi. Iendeshe mpaka injini iwe ya moto kweli, mimi hupanda nayo barabara ya Ngaramtoni na kurudi kupitia foleni ya mjini, gia ya kwanza, frii, gia ya kwanza. Iache ilale, na asubuhi linganisha mafuta na alama ya kalamu. Yakiwa palepale, mpe mwenyewe chupa ya mafuta yaliyobaki asafiri nayo, na juu ya kikopo ubandike utepe ulioandikwa aina yake, ili fundi wa mji unaofuata asilazimike kukisia.