Lipu ya saruji kwenye ukuta wa mawe

SWALI: Nyumba yetu ya miaka ya 1930 hapa Moshi mjini ina duka mbele, baraza yenye nguzo, na vyumba nyuma. Kuta ni za mawe na chokaa. Fundi alipiga lipu ya saruji na rangi ya plastiki. Masika ya kwanza tu, lipu ikavimba mpaka usawa wa kiuno na kutoa unga mweupe. Sasa anataka kuibandua apige saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Tumruhusu? Na kibali tuombe wapi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Msimruhusu. Dawa hiyo mahali pake ni kwenye tangi. Msingi wa zamani hauna nailoni ya kuzuia unyevu, kwa hiyo maji hupanda kupitia viungo vya chokaa, kisha hukaukia usoni mwa ukuta. Saruji imeziba njia hiyo. Chumvi iliyo katika maji hayo, ndiyo ule unga mweupe, inaganda nyuma yake na kuisukuma lipu nje. Mkiziba zaidi, unyevu utapanda mpaka kifuani, na baadaye ncha za boriti zilizoingia ukutani zitaoza.

Anzeni nje. Barabara huinuliwa kila ukarabati hadi ardhi inapita sakafu ya duka. Teremsheni udongo uwe sm 15 chini ya sakafu, na gata zimwage mbali.

Ondoeni lipu hadi sm 50 juu ya alama ya unyevu, kwa tindo na nyundo ndogo. Mashine italegeza mawe. Chokoeni viungo sm 2. Chumvi ifagiliwe ikiwa kavu, kwani ikioshwa inarudi ndani. Acheni ukuta ukauke wiki kadhaa za kiangazi.

Mchanganyiko ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga wa mto uliooshwa. Chokaa ya mfuko ilowekwe angalau saa 24, na fundi avae glavu na miwani, maana inaunguza. Loweka ukuta, tabaka lisizidi mm 12, lifunikwe magunia mabichi, na la pili lingoje wiki nzima. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta kaboni dayoksaidi ya hewani. Fundi wa saruji hapo ndipo huishiwa subira, akaongeza saruji “kidogo tu”, msimamieni. Rangi iwe ya chokaa.

Kuhusu kibali: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hailindi jengo la 1930 kwa umri wake pekee, mpaka litangazwe rasmi. Ulizeni Idara ya Mambo ya Kale ya serikali kama lenu limetangazwa. Likiwa limetangazwa, msiguse kitu bila ruhusa yao. Kubomoa ukuta au kubadili baraza kunahitaji kibali cha manispaa kwa vyovyote.