Barua kwa mwanangu: ada ya chama cha wahandisi

Mwanangu,

Umeniuliza kama ada ya chama cha wahandisi ina faida yoyote, maana mshahara wenyewe ndio kwanza umeanza kuuona. Ngoja nikueleze habari za silinda.

Vita vya 1914 vilipoanza, meli nyingi za Wajerumani zilikwama kwenye bandari za Marekani. Mwaka 1917 Marekani nayo ilipokaribia kuingia vitani, mabaharia wa meli hizo walijua zitatekwa, wakazivunja silinda za injini za mvuke. Hesabu yao haikuwa mbaya. Silinda hizo zilikuwa za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kina kaboni karibu asilimia 3, hakinyumbuki, na silinda ya meli ikivunjika desturi ilikuwa kusubu nyingine. Walichosahau ni kuchomelea kwa umeme. Mafundi walichonga kingo zilizovunjika zikawa mshazari, wakazitoboa, wakafunga boliti fupi za chuma laini zisizo na vichwa, kisha wakaziba pengo kwa kiraka na kuchomelea. Boliti ndizo zinazoshika, kwani mshono peke yake hubanduka na kuondoka na ngozi ya chuma cha kusubu. Baada ya miezi michache meli zile zile zilibeba askari wa Marekani kwenda Ulaya.

Ujenzi wa meli ulipopamba moto, Profesa Comfort Adams wa Harvard aliongoza kamati ya kuchomelea chini ya Emergency Fleet Corporation, shirika la serikali ya Marekani la kujenga meli za vita hivyo. Watu wa kampuni zinazoshindana wakakaa meza moja kujadili umeme, vijiti vya kuchomelea na majaribio. Tarehe 28 Machi 1919 kamati hiyo ikazaa American Welding Society, chama cha kuchomelea cha Marekani, na Adams akawa rais wake wa kwanza.

Utasema: mama, silinda zilizibwa 1917, chama kikaja 1919. Sawa, mafundi walitangulia. Lakini kazi isiyoonyeshwa haikaguliki, nimekwambia tangu ukiwa mdogo. Unaikumbuka mashine ya kusaga ya babu yako, na yule fundi aliyetundika turubai ili asionekane akichomelea bloku ya injini yake? Bado inaniuma. Malipo yake alipewa yote, na ufa ukarudi, ukikimbia pembeni kabisa mwa mshono. Turubai ilipotoka nikaona: mshono mmoja mrefu, wala hakutoboa ncha za ufa.

Ilitakiwa atoboe tundu la milimita 3 kila ncha, achimbe ufa kwa grenda uwe V ya digrii 60 hivi, atumie kijiti cha nikeli, apige vipande vya sentimita 2 au 3 tu, agonge kila kipande kwa nyundo ndogo kingali cha moto, kisha asubiri mpaka mkono uweze kugusa pale. Akiharakisha, pale palipoungua panakuwa pagumu kama kioo. Mshono ukipoa unajikunja, na chuma cha pembeni kinapasuka. Hiyo siri ya kufichia turubai iko wapi?

Hata hivyo nisikudanganye. Chama kipo, wataalamu wapo, na bado tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady, mpya, iliyounganishwa kwa kuchomelea, ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini Portland, Oregon, maji yametulia. Watu wakalaumu wachomeleaji. Meli za Liberty, zile za mizigo ambazo Marekani ilizijenga haraka haraka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nazo zilikuwa zikipasuka, na Constance Tipper wa Cambridge alionyesha kwamba chuma chenyewe kilikuwa kikipoteza unyumbufu kwenye baridi. Meli ya ripiti, yaani mabamba yaliyofungwa kwa pini za chuma, ufa huishia ukingoni mwa bamba. Iliyochomelewa ni kipande kimoja, ufa haukuti mpaka. Pembe za mraba za milango ya ngama, chumba cha mizigo cha meli, zikazidisha balaa, ndipo zikaviringwa. Kwa hiyo chama si kinga. Ila bila kazi kuwekwa wazi, hata Tipper angepata wapi vyuma vya kupima?

Basi ulipe, usilipe? Nina jibu, na limenikaa mdomoni, lakini hela ni zako. Kwanza waulize kama fundi asiye na digrii anaruhusiwa kuingia kwenye mikutano yao, na kama viwango vyao anaweza kuvisoma bila kununua. Wakikujibu, niandikie.

Mama