Seva nzito, prosesa haina kazi: majibu kwa maswali yenu

Maswali mengi ya safari hii yanafanana: seva inajikokota, lawama zote zinaenda kwa intaneti, kumbe programu kadhaa zinagombania faili moja la logi, yaani daftari ambamo programu huandika kila linalotokea. Nimeyaweka pamoja.

Fundi, salaam. Hoteli yetu iko Malindi, upande wa ufuoni. Seva moja ya Linux inaendesha programu ya mapokezi, ya mkahawa na ya Wi-Fi ya wageni. Wageni wakianza kutoka saa nne asubuhi, kila kitu kinaganda. Prosesa haivuki asilimia 10, lakini namba ya mzigo kwenye top (amri inayoonyesha programu zinazoendeshwa) inafika 14. Tumeongeza RAM, wapi! Nakutumia na majibu ya lsof, amri inayoorodhesha faili zilizofunguliwa.

Hiyo RAM ingebaki dukani tu. Kwenye Linux namba ya mzigo haiwahesabu wanaotumia prosesa peke yao. Inawahesabu pia waliokwama wakingoja diski, wale wenye herufi D kwenye top. Prosesa imelala na mzigo ni 14: basi ipo foleni, na haiko kwenye prosesa.

Anza na *wa* kwenye mstari wa prosesa ndani ya top, yaani sehemu ya muda ambao prosesa imekaa bure huku kuna kazi inayosubiri diski. Ikiwa juu, endesha `iostat -x 1` (kwenye Ubuntu na Debian imo ndani ya sysstat) uangalie safu ya w_await: ni milisekunde ngapi ombi moja la kuandika linachukua hadi likamilike. Kisha `pidstat -d 1` itakutajia nani anaandika. Ukishampata, mfuate kwa `strace -c -w -f -p` na namba yake (strace hupima maombi ambayo programu inaipelekea kernel, yaani kiini cha mfumo), sekunde chache, halafu Ctrl-C. Hiyo -w usiisahau: bila yake strace inajumlisha muda wa prosesa tu, na kusubiri, ambako ndiko tunakokutafuta, hakuonekani. Usiiache muda mrefu pia, maana yenyewe inaipunguza kasi programu unayoichunguza.

Kwa lsof uliyonitumia, programu zote tatu zimefungua `/var/log/hoteli.log`. Nikikisia, strace itakuonyesha flock na fsync zimekaa kileleni mwa jedwali. Ni kama mapokezi yenye daftari moja la wageni na kalamu moja iliyofungwa kwa uzi: hata uajiri makarani kumi, anaandika mmoja. Flock ndiyo inayomzuia wa pili asiandike. Fsync inamwambia wa kwanza asiondoke hadi mstari ufike kwenye diski yenyewe. Na diski ya sahani ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo ukilazimisha kila mstari ufike chini, hutapata zaidi ya mistari 120 hivi kwa sekunde kwa programu zote tatu. Kwa kawaida ni pungufu, kwa kuwa mfumo wa faili nao una jarida lake la kuandika. Hifadhidata ya mapokezi ina fsync zake kwenye diski hiyo hiyo, ndiyo maana hata karani asiyejua logi ni nini anaganda.

Jambo moja zaidi: anayengoja flock analala usingizi wa S, si wa D, hivyo hahesabiwi kwenye ile 14. Foleni yako ni ndefu kuliko unavyoiona.

Dawa: kila programu iwe na faili lake, na fsync iondolewe kwenye logi za kawaida. Iache kwenye hifadhidata, huko kuna pesa za watu.

Je, nikiweka SSD si yataisha yote?

Maumivu yatapungua sana. Foleni itabaki, kwa sababu kufuli ni la programu na la kernel, si la diski. Kernel yenyewe huwapanga waandishi wa faili moja mmoja mmoja.

Assalaam aleikum ami. Nipo Lamu, nimeandika kwa Python mfumo wa tiketi za boti za Mokowe. Kuna wafanyakazi wanne wa programu (michakato inayokwenda sambamba, si watu), wote wanaandika tiketi.log kwa RotatingFileHandler, chombo cha Python kinachoanzisha faili jipya la zamani likijaa. Faili likizungushwa, mistari inapotea.

Waaleikum salaam, mwanangu. Nyaraka za Python zimesema wazi kwamba michakato kadhaa kuandika faili moja la logi hakuungwi mkono. Kufuli la ndani linalinda nyuzi (kazi ndogo zinazokwenda sambamba) za mchakato mmoja tu. Mmoja akibadilisha jina la faili, wenzake watatu bado wameshikilia lile la zamani na wanaendelea kuliandikia. Zamu yao ya kuzungusha ikifika, wanafunika kazi ya mwenzao.

Fanya mwandishi awe mmoja. Wafanyakazi waweke ujumbe kwenye foleni kwa QueueHandler, iliyopo tangu Python 3.2, lakini foleni yenyewe iwe ya multiprocessing, si ile ya nyuzi. Upande wa pili QueueListener anaandika peke yake. Ukiona ni kazi nyingi, peleka kila kitu syslog, huduma ya mfumo ya kupokea logi, ulale.

Seva zetu mbili zinaandika logi moja kwenye folda ya NFS (inayoshirikiwa kupitia mtandao) ili tusome mahali pamoja. Ina tatizo?

Inalo. Ukurasa wa mwongozo wa open(2) unaonya kwamba O_APPEND (kuandika mwishoni mwa faili) juu ya NFS inaweza kuharibu faili wakiandika wawili kwa wakati mmoja. Kila seva iandike kwake, rsyslog ikusanye.

Diski ilijaa, nikafuta logi ya GB 40. Du (inayojumlisha faili) inasema imekwenda, df (inayopima nafasi ya diski) inasema ipo. Nimechanganyikiwa.

Programu bado imelifungua. Jina limefutwa, data haijaachiliwa. `lsof +L1` itakuonyesha mshikaji. Mwambie afungue upya faili zake; nginx kwa mfano hupokea ishara ya USR1. Kuanzia hapo mwachie logrotate, programu ya kuzungusha logi, kazi hiyo, yenye postrotate (amri zinazoendeshwa baada ya kuzungusha). Wengi hukimbilia copytruncate kwa kuwa ni rahisi, ila kati ya kunakili na kukata kuna mwanya mdogo, na mistari inayoandikwa hapo inapotea. Mimi huitumia tu kwa programu isiyojua kufungua faili upya.

Kwa nini tusizime logi kabisa?

Kwa sababu siku mgeni akidai alilipa mara mbili utatafuta wapi? Punguza kelele kwanza: nimeona DEBUG (kiwango cha kuandika kila kijambo) imeachwa wazi kwenye mifumo inayohudumia wateja. Kisha tumia bafa, hifadhi ya muda kwenye RAM. Kwa nginx ni `access_log /var/log/nginx/access.log combined buffer=64k flush=5s;` na Apache ina BufferedLogs. Programu ikianguka ghafla unapoteza kilichokuwa ndani ya bafa. Stima ikikatika bila UPS, unapoteza pia kile ambacho kernel haijakishusha kwenye diski. Logi ya ziara inavumilia hasara hiyo. Ya makosa usiiwekee bafa.

Sisi ni Windows, hapa Maweni. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu, na mna la nyongeza: antivirasi inayokagua logi kila inapoguswa. Tolea folda ya logi msamaha kwenye mipangilio yake, folda hiyo pekee, kisha upime tena.