Unapima seramiki za injini? Usikimbilie digrii 1,300

Juzi msomaji mmoja, mwanafunzi wa uzamili, kaniandikia: "Kaka, sampuli zangu zimekaa tanurini kwenye digrii 1,300 na uzito haujabadilika. Naweza kuandika kwamba haziliwi na oksijeni?"

Bado, mdogo wangu.

Wote tunaopima silikoni kabaidi iliyoimarishwa kwa nyuzi za silikoni kabaidi tunapenda moto mkali, ndiko kwenye sifa. Hasa tangu 2016, seramiki hizi zilipoanza kuruka na abiria ndani ya injini ya ndege iitwayo LEAP. Lakini kwenye 1,300, hewa ikiwa kavu, silikoni kabaidi hujifunika utando wa silika, kitu kama kioo, na kuziba nyufa zake yenyewe. Balaa liko chini, kati ya 700 na 900. Hapo silika inakua polepole mno kuziba kitu. Oksijeni inapita kwenye ufa hadi kwenye ganda la boroni nitraidi linalouzunguka kila uzi, ganda lisilofika hata mikroni moja, na kuligeuza oksidi ya boroni, ambayo huyeyuka kwenye 450 tu. Mwisho wake uzi unagandamana na seramiki, hauwezi tena kuteleza na kuuzuia ufa.

Nilipopendekeza tupime hapo, bosi wangu wa wakati ule alicheka kikaoni: "Nani ananunua namba za vuguvugu?" Sijasahau. Nikapima usiku, tanuri likiwa halina foleni. Sampuli ambayo haijachomwa ilivunjika nyuzi zimechomoza kama brashi. Ile niliyoipasua kidogo kisha nikaichoma kwenye 800 ilikatika bapa, hakuna uzi uliochomoka. Leo kipimo hicho kimo kwenye utaratibu wa maabara ile. Jina langu halimo, ila wanaojua wanajua.

Basi vijana, pimeni katikati! Na wekeni mvuke, maana mafuta yakiungua yanazaa maji, na kwenye joto kali maji hayo huigeuza silika kuwa gesi ikapeperuka. Ndiyo maana vipande vya injini hupakwa tabaka la kinga. Mizani nayo msiiamini peke yake: silika inaongeza uzito, mvuke unaupunguza, vikilingana inasoma sifuri huku kipande kinaliwa. Kateni, ng'arisheni, tazameni kwa hadubini. Mkipata mashine ya kuvuta, sampuli ivutwe ikiwa ndani ya tanuri, kwa sababu ufa usio na mzigo hujibana na oksijeni hupita kwa shida.