Kitufe Ninachokisubiri Si cha Kuhariri

Kila mtu ana orodha yake ya vitufe anavyotamani mitandao ya kijamii imwekee. Shoga yangu anayeuza keki anataka ajue nani kachungulia ukurasa wake akaondoka bila kununua. Mdogo wangu anataka kitufe cha "sijapenda", naye ninamwogopa siku atakayokipata. Binamu yangu mwalimu kwa miaka mingi alikuwa na ombi moja tu, kurekebisha alichokwisha kutuma, tangu siku alipoandika kwenye grupu la msiba kwamba marehemu alipenda kusali, simu ikammalizia neno kwa kiherehere chake ikaandika "kusaliti". Mjane alikuwa humo humo grupuni.

Huyo amejibiwa. WhatsApp tangu Mei 2023 wanakupa dakika 15 za kusahihisha meseji uliyotuma. Kule Twitter, Jack Dorsey akiwa bado bosi alisema Januari 2020 kwamba kitufe cha kuhariri huenda kisije kamwe, na 2022 kikaja, ila kwa wanaolipia. Kwa hiyo kuomba kunasaidia, hata kama jibu linachelewa na linakuja na bei.

Langu mimi ni lingine. Nataka kitufe kikubwa, chekundu ikiwezekana, kimeandikwa: NIMEIBIWA, FUNGA KWANZA.

Nauza vitenge na batiki. Sina fremu. Mzigo nauchukua Kariakoo, mtaa wa Uhuru, napiga picha nyumbani kwenye kibaraza ambako mwanga wa asubuhi ni mzuri, naposti, wateja wananifuata inboksi. Wa mikoani nawapelekea mzigo stendi ya Magufuli kule Mbezi, unapakiwa kwenye basi. Ukurasa ule ulikuwa duka langu, daftari langu la madeni na shahidi wangu. Mteja akisema "tulikubaliana elfu ishirini", napandisha mazungumzo juu tunasoma wote.

Siku moja jioni, nakoroga uji wa mtoto, akaunti ya mwenzangu wa biashara ikaniandikia: "Dada, niko kwenye shindano la wajasiriamali, nipigie kura. Utaona namba sita zinaingia kwenye simu yako, nirushie." Zikaingia kweli. Nikamrushia. Nakuomba usinicheke, maana nilikuwa namfahamu, tulishawahi kuchangia usafiri wa mzigo. Sikujua kwamba zile namba sita ndizo za kufungulia akaunti yangu, wala kwamba na yeye alikuwa ameibiwa yake asubuhi ya siku hiyo, na aliyekuwa akiandika ni mwizi.

Uji haujaiva, nimeshatolewa nje. Paswedi imebadilishwa, namba ya simu imebadilishwa, barua pepe imebadilishwa. Nikasikia mtandao hutuma taarifa kwenye barua pepe ya zamani kwamba kuna mabadiliko, na ukiwahi kubonyeza unaweza kuyatengua. Vizuri sana. Tatizo ni kwamba barua pepe ile nilifunguliwa na kijana aliyeniuzia simu. Ninyi mnajua inavyokuwa: unanunua simu, inadai akaunti ya Google, muuzaji anasema "lete nikuwekee, mama", anaandika jina lako na namba anazojua mwenyewe, unaondoka unafurahia kioo. Miaka minne nilitumia simu ile bila kujua neno la siri la barua pepe yangu. Nilirudi dukani kwake, nikakuta wanauza chipsi.

Kwa hiyo kabla sijaendelea na ninayoyataka kwa hao wenye mitandao, fanya hili leo. Ingia kwenye mipangilio, angalia akaunti yako imeunganishwa na barua pepe gani, kisha jaribu kuifungua hiyo barua pepe kwenye simu ya mtu mwingine. Ukishindwa, huna akaunti, umeazimwa. Fungua yako mpya na uibadilishe sasa hivi wakati mlango bado uko wazi.

Mwizi hakulala. Usiku ule ule aliposti picha zangu, za kibaraza changu, na maneno: "OFA ya leo tu, lipia nusu, mzigo unatoka kesho. Namba ya kulipia imebadilika, jina litakuja la shemeji." Watu watatu walilipa. Mmoja ni mama wa Morogoro aliyekuwa akinunua kwangu tangu mwanzo, kama shangazi yangu sasa. Alituma 45,000. Kesho yake akanipigia, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyostahili: "Mwanangu, mzigo wangu vipi, basi limefika bila kitu?"

Sasa nisikilize hapo kwenye "jina litakuja la shemeji". Mtoto wa darasa la tano Dar es Salaam akisikia maneno hayo anajua anaongea na tapeli. Maneno hayo ni ndugu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na "weka na ya kutolea". Ndugu, wateja na majirani, kama watu 30 hivi, waliripoti ukurasa ule. Wengine walieleza kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa. Jibu likaja kwa kila mmoja, lile lile: tumeupitia, hatujaona ulichokiuka.

Aliyeupitia ni nani? Kama ni mashine, haijafundishwa Kiswahili cha mtaani. Kama ni mtu, hajawahi kutumiwa meseji ya "jina litakuja". Facebook ilianza kuonekana kwa Kiswahili mwaka 2009, vitufe vyote vimetafsiriwa, "Penda", "Toa maoni", "Shiriki", na ninashukuru. Lakini kutafsiri vitufe ni kupaka rangi ukuta wa mbele. Ninachotaka ni mtu ndani ya nyumba anayeelewa nikipiga hodi. Nikiripoti kwa Kiswahili, malalamiko yangu yasomwe na anayekijua, hata kama atanijibu kesho kutwa.

Na kitufe chekundu? Hiki wala hakihitaji mtu wa kujua lugha. Laini ya simu ikipotea, unaazima simu ya jirani, unapiga huduma kwa wateja, wanakuuliza maswali mawili matatu kuhusu miamala ya mwisho, wanaifunga. Hawajakurudishia bado, utakwenda na kitambulisho chako baadaye, lakini hela iliyomo haitembei. Mitandao ya kijamii imekalia upande wa pili wa jambo hili: wanataka kwanza uthibitishe kwamba akaunti ni yako, ujipige video ukigeuza shingo kulia na kushoto, usubiri, na muda wote huo mwizi anaendelea kuuza. Mimi naomba igeuzwe. Marafiki watano wa siku nyingi wakibonyeza kwamba akaunti hii imeibwa, isiweze kuposti wala kutuma ujumbe kwa saa 24. Tuulizane majina baadaye. Najua kuna watakaotumia kitufe hicho kukomoana, wapinzani wa biashara hasa, ndiyo maana nasema marafiki wa siku nyingi na saa 24 tu. Duka kufungwa siku moja kwa fitina kunauma, ila si kama kuibiwa jina.

La pili linalofanana na hilo ni subira. Mtu akibadilisha paswedi, namba na barua pepe ndani ya dakika kumi, kwa simu ambayo haijawahi kuingia humo, mabadiliko hayo yangoje siku tatu kabla ya kukubalika, na mimi niendelee kubaki ndani. Nani mwenye haraka ya kubadilisha vyote vitatu kwa mpigo usiku?

Wakati tunawasubiri, mimi nafanya haya. Nimewasha uthibitishaji wa hatua mbili kila mahali, yaani paswedi peke yake haitoshi kuingia, na WhatsApp nimeweka ile PIN ya namba sita inayoulizwa ukisajili namba yako kwenye simu nyingine. Ile iko tangu 2017 na wateja wangu wengi hawajawahi kuigusa. Namba za akiba za kurudisha akaunti nimeziandika kwa kalamu kwenye daftari la mzigo, si kwenye simu. Wateja wangu wana namba yangu ya malipo moja, jina langu kamili, na tumekubaliana kwamba haitabadilika kamwe kwa posti. Jina likija jingine, usiweke namba ya siri, nipigie. Namba za matapeli naziripoti 15040, na kila baada ya miezi michache napiga *106# kuona ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA. Mara ya kwanza nilikuta moja nisiyoijua.

Na mawasiliano ya wateja sasa nayaandika pembeni. Hili lilinichukua wiki mbili za kukumbuka na kupiga simu huku na huku, kwa sababu majina yote yalikuwa inboksi. Mitandao mikubwa inakuruhusu kupakua taarifa zako. Jaribu siku moja, utaletewa mafaili mengi yasiyofunguka vizuri kwenye simu ndogo. Natamani kuwe na kitufe cha muuzaji wa kawaida: nipe orodha ya walionunua kwangu, ukurasa mmoja, nichapishe pale stesheneri nilipe mia tano.

Mengine ninayoyataka ni madogo, niyapitie haraka. Naomba posti zije kwa mpangilio wa saa na zibaki hivyo. Instagram walirudisha njia hiyo Machi 2022, lakini wakaifanya kuwa kitu cha kuchagua upya kila ukifungua, na mteja wangu hana muda huo, anaona ofa ya Jumamosi siku ya Jumanne kisha ananilaumu mimi. Bando nalo: video zisijifungulie zenyewe bila kuulizwa. Hili kwa sehemu unaweza kulizima mwenyewe. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya data na upakuaji, uzime picha na video kujishusha. Nilipozima, bando la wiki likaanza kunifikisha Ijumaa.

Sauti pia. Mama yangu haandiki. Anatuma sauti ya dakika sita, salamu zinachukua nne, na neno la maana liko dakika ya tano na nusu baada ya habari za kuku. WhatsApp walitangaza Novemba 2024 kugeuza sauti kuwa maandishi, wakaanza na lugha chache. Naisubiri ya Kiswahili, tena Kiswahili cha Tanga kama anavyokisema yeye, na yule jogoo anayewika nyuma yake asiingizwe kwenye maandishi. Ila nikiwa mkweli, zile dakika nne za salamu nitaendelea kuzisikiliza.

Kuna moja sikuwa na mpango wa kuliandika. Shangazi yangu amefariki miaka mitatu sasa, na kila mwaka simu inaniambia nimtakie heri ya kuzaliwa. Wapo ndugu wa mbali wanaoandika kweli, "Mungu akuzidishie umri". Facebook wana utaratibu wa kumteua mtu atakayesimamia akaunti yako ukiondoka duniani: anaweza kubadilisha picha na kubandika tangazo, hawezi kusoma meseji zako. Nimemweka mdogo wangu, yule wa kitufe cha "sijapenda". Lakini jambo hili limefichwa ndani kabisa ya mipangilio, na nani kati yetu anakwenda kutafuta kifo kwenye mipangilio? Waliulize siku unayofungua akaunti, au siku ya tano, kwa adabu.

Mama wa Morogoro nilimtumia kitenge chake kwa gharama yangu, na cha pili juu. Hao wengine wawili tuligawana hasara. Ukurasa mpya una wafuasi wachache kuliko wa zamani, ila kila mmoja ninamjua kwa jina na namba.

Ule wa zamani bado upo. Mwizi ameuacha, picha zangu zimebaki, kibaraza changu, mkono wangu umeshika pindo la batiki ya kijani. Kila nikifungua simu asubuhi, mtandao unaniletea pendekezo: huyu unaweza kuwa unamfahamu, mfuate.