Kina cha bwawa

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni niliposoma makala ya mwanafalsafa Peter Singer iliyochapishwa 1972. Aliiandika mwishoni mwa 1971, wakati mamilioni ya wakimbizi wa Bengali ya Mashariki, Bangladesh ya leo, wakihangaika kwa njaa na maradhi. Singer anasema: tuseme unapita kando ya bwawa la kina kifupi, unamwona mtoto anazama. Ukiingia kumtoa, nguo zako zitajaa matope. Utampita? Hakuna anayejibu kwamba atampita. Basi, anauliza, kama nguo si kitu mbele ya uhai wa yule mtoto, umbali unampunguzia nini mtoto anayekufa nchi nyingine, ilhali unacho cha kumsaidia?

Sikupata jibu, na mpaka leo sina. Mwezi uleule dada alipiga simu kutoka kijijini, mwanawe anaumwa. Nikamtumia hela ya kodi ya chumba. Wiki mbili baadaye akapiga binamu, shida ni ada. Nikatuma hela ya chakula. Kila simu ilipolia nilimwona mtoto majini. Mwisho wa muhula mwenye nyumba alinifungia chumba kwa kufuli, vitabu vikiwa ndani, na mitihani ikanikuta nalala sakafuni kwa rafiki.

Siku hizi Jumamosi nakaa na vijana wachache wanaopenda falsafa, na nawasihi wasifanye nilivyofanya. Jaribio la kimawazo, yaani kisa cha kubuni cha kupimia wazo kama hiki cha bwawa, ni kali sana katika kubomoa kauli. Ukitaka kulijenga liwe ratiba ya maisha, linakuacha njiani.

Mfano wangu mzuri ni Galileo, mwanasayansi wa Italia. Katika kitabu chake cha 1638 anaichukua kauli ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwamba kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi. Haya, anasema, lifunge jiwe kubwa pamoja na dogo. Dogo ni la polepole, kwa hiyo litalichelewesha kubwa. Lakini yakishafungwa pamoja yana uzito zaidi, kwa hiyo yaanguke haraka kuliko lile kubwa likiwa peke yake. Haiwezekani yote mawili yakawa kweli. Kauli imekufa hapo hapo, bila mtu kupanda juu ya mnara. Ila alipotaka kujua kitu kinachoanguka kinaongeza mwendo kwa kiasi gani, kuwaza hakukutosha. Katika kitabu hichohicho anaeleza jinsi alivyoviringisha mpira wa shaba kwenye ubao wenye mteremko, tena na tena, akipima muda kwa maji yanayochuruzika chomboni.

Bwawa la Singer nalo naliona hivyo. Limeua kisingizio cha umbali, na nadhani limekiua kwa haki. Nitume kiasi gani, kwa nani, mara ngapi kwa mwaka, halisemi.

Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, "Kaka, na kama sijui kuogelea?" Wenzake walimcheka, mimi nikamshukuru. Singer aliweka kina kifupi makusudi ili hatari kwa mwokoaji isiwepo kwenye hesabu, tubaki na swali moja tu. Ndiyo kazi ya mfano wa namna hii, kufagia mengine yote pembeni. Kwa hiyo ukikutana nao, kaa na kalamu uandike nini kimefagiwa. Mtoto ni mmoja. Unamwona kwa macho yako. Mkono wako unamfikia bila kupitia kwa mtu mwingine. Ukishamtoa, yamekwisha, unaenda kubadili nguo. Kisha rudisha kimoja kimoja: kesho yuko mwingine, keshokutwa wawili, na kodi unadaiwa. Angalia jibu lako linageuka wapi. Pale linapogeuka ndipo penye sababu yako ya kweli, na ukiwa na haraka ya kusema "ningefanya hivi" hutapaona.

Wala usimkatize anayeuliza maswali ya pembeni kwa kumwambia ajibu swali tu. Maisha yatamuuliza hayohayo.

Nina daftari sasa. Kila mwezi natenga fungu la watu kabla sijanunua chochote, na simu ikilia naulizia kina cha maji. Juzi dada alipiga, mjukuu wake ana homa. Nikamuuliza ameandikiwa dawa gani, bei yake duka la dawa pale sokoni, na nani mwingine ameshachangia. Ilibaki shilingi 18,000. Nikamtumia kabla hatujakata simu.